Chokaa, Saruji na Ukuta wa Jirani: Sheria ya Mji Mkongwe Inamlinda Nani?

Lawama inayorudiwa sana dhidi ya sheria za ujenzi za Mji Mkongwe, Unguja, ni kwamba zimewekwa kwa ajili ya wageni. Mwenye nyumba Kiponda au Malindi haruhusiwi kupiga lipu ya saruji, haruhusiwi kupandisha ghorofa atakavyo, na hata kubadilisha dirisha lake mwenyewe sharti kwanza aombe kibali. Yote hayo, watu wanasema, ni ili mtalii apate picha na UNESCO isije ikaufuta mji katika orodha ya Urithi wa Dunia, ambamo uliingizwa mwaka 2000. Anayesema hivyo si adui wa historia. Mara nyingi amezaliwa ndani ya nyumba hizo, amekataa kuhamia kwenye nyumba ya matofali kule Fuoni, na amechoka kutega ndoo chini ya paa linalovuja.

Hata hivyo, naona lawama hiyo inaipiga sheria mahali pasipostahili. Yako masharti yaliyowekwa kwa ajili ya sura ya mji, na mtu anaweza kubishana nayo kwa haki. Lakini masharti yanayowaudhi watu zaidi, yale ya vifaa vya ujenzi, uzito na ubomoaji, yangestahili kubaki hata kama bandari ya Malindi isingeshusha mtalii hata mmoja mwaka mzima. Yanahusu maji, na yanahusu jirani.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene kuliko kuta za nyumba yoyote ya kisasa. Sakafu za juu hulala juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana wa chumba umefuata urefu wa mti. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta, huku na huku, wala hakuna anayeziona.

Ukuta wa namna hiyo hauwi mkavu kabisa. Hunywa maji kutoka ardhini, hunywa mvua ya masika, hunywa hewa ya bahari, na ndani yake mna chumvi. Mafundi wa zamani hawakujaribu kuyazuia maji yale yasiingie kabisa. Waliyafanyia njia ya kutokea. Chokaa ni laini na ina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo unyevu hutoka nje kupitia usoni mwa ukuta na kuiacha chumvi kwenye lipu. Baada ya miaka lipu inaanza kumeguka, fundi anaikwangua na kupiga nyingine. Mwenye nyumba analalamika kwamba chokaa haidumu, na kweli haidumu. Lakini kilichoharibika ni lipu, na jiwe la nyuma yake bado ni zima.

Piga saruji juu ya ukuta huohuo uone. Mwaka wa kwanza unapendeza, na mwaka wa pili watu bado wanausifu. Maji yaliyokuwa yakitoka usoni sasa yamefungiwa, lakini hayakuacha kuingia kutoka chini. Yanapanda. Yanatafuta pa kutokea juu zaidi, mpaka yanafika pale ncha za boriti zilipozama, na hapo mti unakaa kwenye unyevu mfululizo, kiangazi na masika. Unaoza taratibu kuanzia ndani, na mchwa hupenda mti uliolainika. Mtu anayelala chini yake haoni kitu, maana sehemu ya boriti iliyo wazi bado ni nzima na dari imepakwa rangi. Siku sakafu inaposhuka, saruji ina miaka mingi ukutani, na hakuna anayeikumbuka anapotafuta sababu. Watu husema nyumba ilikuwa kongwe.

Napasisitiza hapa kwa sababu mjadala wa Mji Mkongwe hupaacha. Hubishaniwa rangi, milango ya nakshi na sura ya barabara, kana kwamba hifadhi ni kazi ya kupamba. Wakati huohuo hatari yenyewe imo ndani ya ukuta, inakwenda polepole, na haimshiki aliyeisababisha peke yake.

Nyumba hizi zimeshikana. Ukuta mmoja unaweza kubeba boriti za pande mbili, zako kushoto na za jirani kulia. Ukiufunga uso wako kwa saruji, maji yatatokea upande wa pili, na jirani ataona rangi ya chumba chake inavimba asijue kwa nini. Ukijenga bafu jipya la zege juu ya sakafu ya boriti, bomba likianza kuvuja, njia ya maji itapita ukutani mwake pia. Ukipandisha ghorofa ya matofali ya saruji, unaiongezea uzito kuta ambazo ndani yake ni vifusi na udongo. Ukibomoa kabisa, nyumba iliyoegemezana na yako miaka mia inabaki imesimama peke yake, na ufa unaanza kona ya juu. Viwanja vitupu vilivyotapakaa mjini, kila kimoja kina nyumba za jirani zilizowekewa nguzo za kushikizia kuta.

Kwa hiyo sheria inamzungumzia mtu asiyekuwepo mwenye nyumba anapopatana na fundi wake. Na hili halikuletwa na UNESCO. Kanuni ya kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana inajulikana kwa kila aliyesoma chuo cha Kurani katika mji huu, na kwa watu walioishi wakishirikiana kuta, mfereji wa paa na kichochoro cha kupitia maji machafu, kanuni hiyo ilikuwa na kazi ya kila siku muda mrefu kabla ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuundwa mwaka 1985. Sheria ya 1994 na ile ya 2010 iliyoifuata zimeandika kwa lugha ya serikali jambo ambalo mji uliokwisha kubanana hauwezi kuishi bila ya kuwa nalo.

Upande wa pili una hoja nzito, tena nzito kuliko watetezi wa hifadhi wanavyopenda kukiri.

Ya kwanza ni gharama. Saruji unainunua Darajani asubuhi na fundi wake unampata hapohapo. Chokaa nzuri lazima ichomwe, imwagiwe maji, iachwe iive, na inataka mkono unaoijua. Mafundi wa aina hiyo ni wachache, na kazi yao inakwenda polepole kwa sababu kila tabaka lazima likauke kabla ya jingine. Boriti nazo zinatoka kwenye mikoko, ambayo serikali hiyohiyo, kwa sababu za haki kabisa, inaizuia isikatwe ovyo. Mwenye nyumba anakuta ofisi moja inamtaka atumie mti ambao ofisi nyingine haimruhusu kuupata kirahisi.

Ya pili ni swali la nani hasa ndiye mwenye nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji zilichukuliwa na serikali, na zilizokuwa za familia moja zikagawanywa chumba kwa chumba. Jiko moja likawa majiko matano na choo kimoja kikawa vitatu, na mabomba yakapitishwa penye kuta ambazo hazikuwahi kubeba bomba. Nyingine ni za wakfu, zenye kodi ndogo isiyotosha hata kuziba paa. Nyingine zina warithi waliotawanyika Unguja, Dar es Salaam, Muscat na London, na hakuna mmoja anayeweza kutia saini kwa niaba ya wote. Mpangaji wa chumba kimoja akiambiwa akarabati kwa chokaa, anaambiwa atumie fedha asizonazo kwenye ukuta usio wake.

Ya tatu ndiyo inayowauma watu zaidi: sheria haiwashiki wote sawasawa. Mfano unaotajwa barazani ni Mambo Msiige, jengo la karne ya 19 lililoko ufukweni Shangani, ambalo likiunganishwa na jengo jipya pembeni yake liligeuzwa hoteli kubwa ya kimataifa iliyofunguliwa mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia iliulalamikia mradi ule waziwazi, na ukajengwa. Mtu aliyeona hayo, kisha akazuiwa kuongeza chumba cha mwanawe anayeoa, atauona usawa uko wapi?

Na juu ya yote ipo Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la ufukweni. Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na hakuna jengo Zanzibar lililopewa ulinzi mkubwa zaidi wa karatasi. Sehemu ya baraza zake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka na watu wawili wakafariki. Ikiwa jengo la serikali, lenye fedha za kigeni na wataalamu, limeanguka hivyo, anauliza mkosoaji, mwenye nyumba wa Sokomuhogo anaogopeshwa na sheria kwa ajili gani?

Nalichukulia swali hili kwa uzito wake wote, na jibu langu ni kwamba Beit al-Ajaib inaishtaki desturi ya kuacha matengenezo, na haiishtaki sheria ya vifaa. Kukataza kubomoa ni nusu ya kazi tu. Jengo lisilobomolewa na lisilotengenezwa linabomoka lenyewe, likiwa na kibali cha kila mtu. Uchunguzi uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mpango wa hifadhi ulipokuwa ukitayarishwa pamoja na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, ulihesabu majengo 1,709, na kiasi cha robo tatu yake yalionekana yamo katika hali ya kuchakaa. Hesabu hiyo ilifanywa kabla ya mtiririko mkubwa wa hoteli na kabla ya jina la UNESCO. Huwezi kusema, basi, kwamba kilichoyafikisha majengo yale hapo ni masharti ya urithi wa dunia. Yalifikishwa na paa zilizoachwa wazi, mabomba yaliyovuja, na wenye nyumba, serikali ikiwa ya kwanza, waliokusanya kodi bila kurudisha kitu ukutani.

Ndiyo maana siikubali suluhu inayopendekezwa na wengi, ya kuilegeza sheria ya vifaa kwa maskini na kuwaachia matajiri chokaa. Inasikika kama huruma. Lakini itawapa watu wa kipato kidogo kuta zitakazowaangukia wao na majirani wao, wakati mwenye hoteli, anayemudu fundi mzuri, atabaki na jengo zima. Baada ya miaka ishirini tutashangaa kwa nini nyumba zilizobaki ni za hoteli tu, na tutasema soko ndilo lililoamua.

Mzigo ndio unaostahili kugawanywa upya. Mafundi waliofunzwa katika kazi kama ile ya jengo la Dispensari ya Zamani, lililofufuliwa miaka ya 1990, walionyesha kwamba ujuzi wa chokaa unarudi pale panapokuwa na kazi ya kutosha mfululizo. Serikali yenye nyumba nyingi kiasi hiki ina uwezo wa kutengeneza kazi hiyo: ianze na zake, mtaa kwa mtaa, iwe na ghala la chokaa iliyoiva inayouzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida atailinganisha na saruji bila kukata tamaa, na boriti zitoke kwenye mikoko inayovunwa kwa mpango. Wawekezaji wanaopata faida kwa sababu hoteli yao iko ndani ya hekta 96 za mji wa urithi wachangie ghala hilo moja kwa moja, kwa kiwango kinachotangazwa hadharani.

Na utaratibu wa vibali utenganishe mambo mawili ambayo leo mwananchi anayaona kama mlango mmoja uliofungwa. Kuziba paa, kusafisha mfereji, kupiga lipu ya chokaa na kubadilisha boriti moja kwa boriti ya aina ileile, haya yaishie kwa sheha na mkaguzi mmoja, yamalizike kabla mvua hazijaanza, bila malipo. Kupandisha ghorofa, kumwaga zege juu ya sakafu ya zamani, au kugusa ukuta unaobeba boriti za nyumba mbili, hayo yachukue muda wote yanaohitaji, awe anayeomba ni mpangaji au ni kampuni ya hoteli, na saini ya kwanza kwenye fomu iwe ya jirani.