Umri wa katuni huamuliwa na anayelipa

Kuna hoja inayochosha: eti Wajapani wazima hutazama katuni bila haya kwa sababu ya utamaduni wao, na Wazungu huona ni mambo ya watoto kwa sababu ya utamaduni wao pia. Ukishasema "utamaduni" huna haja ya kueleza tena. Mimi naona majibu yamo kwenye daftari la hesabu: nani alilipia, ilirushwa saa ngapi, na bidhaa gani ilitangazwa katikati ya kipindi.

Tuanze na Marekani, maana historia yake husahaulika. Tarehe 30 Septemba 1960, kituo cha ABC kilianza kurusha katuni ya The Flintstones siku ya Ijumaa saa 2:30 usiku, muda wa watu wazima waliokwisha kula na kuketi. Mmoja wa wadhamini alikuwa sigara za Winston, na kwenye matangazo wahusika wake Fred na Barney wenyewe walionekana wakivuta. Hiyo ndiyo katuni ya nchi ambayo leo tunaambiwa tangu zamani iliziona katuni kuwa za watoto.

Kilichoharibu ni Jumamosi asubuhi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, vituo vikubwa vya Marekani vilizisogeza katuni huko, kwa kuwa muda ule ulikuwa rahisi na watengenezaji wa midoli na nafaka za kifungua kinywa walikuwa tayari kuulipia. Upande wa vibonzo vya kuchapishwa, mlango ulikuwa umefungwa mapema zaidi. Mwaka 1954, baada ya vikao vya Seneti, wachapishaji walijiwekea kanuni ya kujichuja, na majarida ya uhalifu na ya kutisha, yaliyokuwa na wasomaji wazima wengi, yakafa. Ufaransa nayo ilikuwa na sheria ya Julai 1949 kuhusu machapisho ya vijana. Mtoto aliyekua katika mazingira hayo alikuta mchoro una rafu moja tu, na alipofika miaka 15 rafu hiyo haikuwa na kitu cha kumpa.

Japani wachapishaji walifanya biashara kwa namna nyingine: msomaji akikua, mtengenezee jarida la umri wake kabla hajakimbia. Shogakukan walianzisha Big Comic mwaka 1968 kwa ajili ya watu wazima. Kodansha wakaleta Young Magazine mwaka 1980, na humo ndimo hadithi ya vibonzo ya Akira ilipoanza kuchapishwa mwaka 1982, miaka sita kabla ya filamu yake. Kuna majarida ya wavulana, ya wasichana, ya wanaume wazima na ya wanawake wazima. Anime (katuni za Kijapani za runinga na sinema) nyingi hutokana na manga (vibonzo vyao vya kuchapishwa), kwa hiyo umri wa mtazamaji huwa umeshaamuliwa kwenye jarida kabla mchoraji wa anime hajashika penseli.

Halafu kuna saa za usiku wa manane, na hapa ndipo penye utamu. Anime ya Neon Genesis Evangelion ilirushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995, Jumatano saa 12:30 jioni, muda wa watoto kabisa. Iliporudiwa usiku wa manane mwaka 1997 ikapata watazamaji wengi kuliko ilivyotarajiwa, na wazalishaji wakaona mwanya. Mfumo uliokua baada ya hapo unakwenda hivi: mchapishaji wa manga, kampuni ya muziki, kampuni ya video na wengine huchanga fedha kwenye kamati ya uzalishaji. Kamati hununua muda wa usiku kutoka kituo cha runinga, kwa hiyo kurusha kipindi kunakuwa ni kulipia tangazo. Fedha zilikuwa zikirudi kwa kuuza diski. Kwa miaka mingi diski moja yenye vipindi viwili iliuzwa kama yen 6,000 hadi 7,000. Msimu wa vipindi 12 ulikaribia yen 40,000. Mtoto gani ana pesa hizo? Kipindi kililazimika kumfurahisha mtu mwenye mshahara. (Ratiba zao huandika saa 25:30, yaani saa 7:30 usiku wetu, kwa sababu mtazamaji bado hajalala na siku yake haijaisha.)

Lakini tusiipambe Japani kupita kiasi. Vipindi hivyo vya usiku hutazamwa na wachache. Kinachokalisha familia nzima ni katuni ya Sazae-san, inayorushwa Jumapili jioni tangu Oktoba 1969, na filamu kubwa za sinema. Mtu mzima aliyezama kwenye anime za usiku amebeba jina la otaku, ambalo baada ya mauaji ya watoto ya 1988 na 1989, yaliyofanywa na mtu aliyeitwa otaku, vyombo vya habari vililigeuza kuwa karibu sawa na mhalifu. Mwaka 2010 Baraza la Jiji la Tokyo lilikaza masharti ya kuuza manga na anime zenye ngono kwa vijana. Aibu ipo, ila kule inategemea unatazama nini.

Nchi za Magharibi watu wazima waliruhusiwa kurudi kwenye katuni kwa sharti la kucheka. The Simpsons Desemba 1989, South Park 1997. Adult Swim, vipindi vya usiku vya watu wazima vya Cartoon Network, ilipoanza Septemba 2001 nayo ilijaa vichekesho, ingawa anime ya Cowboy Bebop ilikuwemo tangu usiku wa kwanza. Matokeo yake, "ya watu wazima" ikawa na maana ya matusi, ngono na kejeli, wakati huzuni, ndoa, kazi ya ofisini na uzee vilikosa nafasi. Uingereza miaka ya 1990 ilifika mahali pa kuchekesha: wauzaji wa kanda za anime waliongeza matusi kwenye sauti za Kiingereza, matusi yasiyokuwemo katika Kijapani, ili bodi ya ukaguzi itoe daraja la 15 au 18. Daraja la juu liliuza. Ufaransa walikosea kwa upande wa pili. Club Dorothée, kipindi cha watoto cha TF1, kilirusha Hokuto no Ken, hadithi ya wavulana wakubwa ambamo watu hupasuka vichwa. Waigizaji wa sauti walichukizwa hadi wakageuza mazungumzo kuwa mizaha.

Mfano wa karibu zaidi ni filamu ya Demon Slayer ya mwaka 2020, Mugen Train. Japani ilipewa PG12, maana yake mtoto chini ya miaka 12 anaingia ila mzazi anashauriwa kumwongoza. Familia zilijaa, ikavunja rekodi ya mapato ya nchi hiyo. Marekani filamu hiyohiyo ilipewa R: chini ya miaka 17 lazima aandamane na mtu mzima. Damu ni ileile.

Siku hizi mitandao ya filamu imevuruga rafu tena, maana huweka kila kitu chini ya kichwa kimoja, "Anime", cha mtoto na cha baba yake. Usiamini sura ya mchoro, macho makubwa hayasemi lolote. Tafuta kwanza jina la jarida ambamo manga ilichapishwa. Ukiupata ukurasa wa Kijapani, angalia kama kila kanji (herufi yenye asili ya Kichina) ina herufi ndogo za kana, zinazoonyesha matamshi, pembeni: majarida ya watoto na vijana huziweka, mengi ya watu wazima huziacha. Kisha angalia saa iliporushwa kwao mara ya kwanza. Daraja la Marekani liwe la mwisho, nalo lisome pamoja na sababu zilizoandikwa chini yake, kwa sababu herufi peke yake haikuambii kama tatizo ni damu, uchi au sigara.