Seva Tatu, Geti Moja

Nina seva tatu, yaani kompyuta zinazotunza vitu na kumpa anayeviita kwa mtandao, chini ya meza ya TV, na hakuna hata mtu mmoja humu ndani anayeziheshimu.

Ya kwanza ni laptopu iliyovunjika kioo, imebeba picha za ukoo. Ya pili ni kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini. Hiyo ina mashairi yangu, na kelele zake zinashinda feni. Ya tatu ni Raspberry Pi, kidude cha kompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki, ndicho kinachotunza hesabu za kikoba cha mama watoto. Watu wananiuliza kwa nini nisilipie tu kampuni ya huko nje initunzie hivi vitu, nikalala. Hela ya kulipia huko nje wananipa wao?

Adui namba moja ni pasi. Tim Berners-Lee, yule aliyeanzisha wavuti pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, alibandika karatasi kwenye kompyuta yake: mashine hii ni seva, usiizime. Wanasayansi watupu wale, na bado ilibidi waandikiwe! Mimi yangu nimeiandika kwa maka peni nyekundu, nikaongeza "tafadhali". Shemeji yangu akaisoma kwa sauti, akasema "Una mwandiko mzuri, shemeji", akachomoa plagi, akanyoosha sketi yake. Alipomaliza akarudisha waya vizuri kabisa. Kadi ya memori ya Pi imeshakufa, yeye kasimama anasubiri nimshukuru.

Halafu kuna hili la anwani. Anwani za IPv4, zile namba za kuitambulisha mashine kwenye intaneti, ni kama bilioni 4.3 dunia nzima, na ghala kuu liligawa mafungu ya mwisho Februari 2011. Sisi tuliochelewa tunabanana. Mtoa huduma wangu alikuwa ametukusanya wateja kibao nyuma ya anwani moja. Rauta yangu ilikuwa imepewa inayoanza na 100.64, ya humohumo kwao, mtu wa nje hakufikii ng'o. Napiga huduma kwa wateja, naeleza kwa kituo. Binti ananijibu kwa upole: "Umejaribu kuzima na kuwasha, baba?" Mwisho nikalipia anwani yangu mwenyewe, kila mwezi. Mama watoto anajua ile ni hela ya king'amuzi.

Sasa hiyo anwani moja ndiyo geti la nyumba ya kupanga, na wapangaji ni watatu. Ukiiambia rauta poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti, iende kwenye laptopu, wawili waliobaki wanakodoa macho. Nikawapa poti 8080 na 8081, ambazo mgeni lazima aziandike mwishoni mwa jina. Jaribu wewe kumwelekeza shangazi aliye Korogwe, kwa simu, aandike nukta mbili, nane, sifuri, nane, moja. "Nukta mbili zipi mwanangu, za kulala au za kusimama?"

Ikabidi niweke nginx, programu ya kupokea wageni wa tovuti, kwenye laptopu. Tangu HTTP/1.1 ya mwaka 1997, ile lugha ya kivinjari na seva, kivinjari lazima kitaje jina la tovuti kinayoitaka; basi nginx inakaa getini, inasikia jina, inampeleka mgeni chumba chake. Raha mustarehe. Mpaka umeme ulipokatika ukarudi. Laptopu ina betri, haikutetereka. Zile mbili rauta ikazigawia upya anwani za ndani ya nyumba, zile za 192.168, na zikabadilishana. Wanakikoba wanafungua marejesho ya mikopo, wanakutana na shairi langu "Dawa ya Deni". Kuna mama akaapa nimemtungia yeye. Kikao kilivunjika. Siku hizi kila mashine nimeifungia anwani yake kwenye rauta, lakini yule mama salamu yangu haipokei mpaka leo.

Wageni wa nje nao wapo, tena hawalali. Ukifungua logi, daftari la seva la nani kagonga, unakuta maroboti yanagonga wp-login.php, wp-login.php, mlango wa kuingilia tovuti za WordPress, usiku kucha. WordPress yenyewe sina! Hata ubeti mmoja hawasomi, wanatafuta ufunguo tu.

Kinachonimaliza kabisa ni hiki. Ndugu yangu aliye Toronto anafungua picha za harusi fasta. Mimi niliyekaa hapa, vidole vya miguu vinagusa seva, nikiandika jina lilelile kwa Wi-Fi ya nyumbani, haifunguki. Ombi linakwenda kwenye anwani ya nje, ambayo ni rauta hiyohiyo, na rauta yangu haijui kumgeuza mtu wa ndani akarudi ndani. Zipo rauta zinazojua. Hii niliwekewa tu na fundi pamoja na laini, nikaambiwa ni ya kisasa.

Juzi mama watoto yuko chumbani anataka hesabu za kikoba, wenzake wako hewani wanamsubiri.

"Baba Rehema, haifunguki."

Nikamwambia azime Wi-Fi, aingie kwa bando.

"Yaani nitumie bando langu kufuata kitu kilicho chini ya TV yangu?"

Nikamtumia la buku. Zikafunguka. Sasa wenzake nao wanasema kwao haifunguki, wanataka bando la buku.