"Bado hajawa tayari" si tathmini

Kuna sentensi inayojirudia kwenye mafaili ya wanafunzi wa elimu maalumu mwaka hadi mwaka: "Bado hajawa tayari kwa kazi." Kazi ipi, haisemwi. Hatua gani imemshinda, haisemwi. Ukiuliza, unaambiwa hajatulia, anahitaji mwaka mwingine wa kutunga shanga na kupanga vifuniko kwa rangi. Mwaka unaisha, shanga zinafumuliwa, zinatungwa upya. Mimi nasema kijana mwenye ulemavu wa akili au usonji haandaliwi kwanza ndipo apelekwe kazini. Apelekwe kazini, aandaliwe hukohuko. Na akikwama, kinachokaguliwa kwanza ni jinsi alivyofundishwa.

Vijana wengi wa kundi hili hupata shida kuhamisha ujuzi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Aliyefundishwa kufuta meza ya darasani kwa kitambaa cha bluu anaweza kusimama mbele ya meza ya mgahawa kana kwamba hajawahi kuona meza, kwa kuwa kitambaa sasa ni cheupe, meza ni ya duara na redio inapiga kelele. Watu huita huo ukaidi. La hasha: alijifunza meza ile, kitambaa kile, na sauti ya mwalimu yule. Miaka mitatu ya maandalizi ya darasani kwa mwanafunzi wa namna hii ni miaka mitatu ya kujifunza darasa.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1972 Mmarekani Marc Gold alichapisha utafiti ambamo watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa kwenye karakana zilizotengwa kwa ajili yao walifundishwa kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15, kisha nyingine ya vipande 24. Hawakupewa mhadhara. Kazi ilivunjwa kipande kwa kipande, na kwa baadhi yao upande wa kipande unaotakiwa kuonekana ulipakwa rangi. Walioona rangi walijifunza haraka zaidi. Yaani ugumu ulipungua kwa kubadilisha breki, wala si kwa kumsubiri mtu abadilike.

Tuchukue kazi ya kawaida: kukunja taulo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mtu akiitazama anaona kazi moja. Ukiivunja unapata hatua kama 14: kutoa taulo kikapuni; kuitandaza; kutazama upande wa kwanza; kuigeuza; kutazama upande wa pili; kuitenga ikiwa na doa; kuelekeza lebo kifuani; kuoanisha pembe; kukunja nusu; kulainisha kwa viganja; kukunja mara tatu; kugeuza mkunjo utazame nje; kuiweka kwenye rundo; na rundo likifika taulo 10, kulihamishia rafuni. Orodha hii haiandikwi mezani kwa mkufunzi, yaani yule anayemfundisha kijana palepale kazini. Anayeiandika lazima aikunje taulo mwenyewe, mara kadhaa, kwenye meza ileile, akifuata namna wafanyakazi wa pale wanavyokunja.

Kila mtu hudhani kukunja ndiko kutakakomshinda mwanafunzi. Mikono huzoea upesi, na pembe zisipooana, bandika utepe mezani wenye umbo la taulo iliyokunjwa. Kinachosumbua ni doa. Hapo hakuna mwendo wa kukariri, kuna uamuzi. Je, uzi uliochomoka ni kasoro? Rangi iliyofifia je? Waulize wafanyakazi watatu, utapata majibu matatu. Basi kabla ya kumfundisha kijana, msimamizi aseme kinachokubalika na kisichokubalika, kisha mkufunzi akusanye taulo 20 za kweli. Aanze na doa la wazi dhidi ya taulo safi kabisa, apunguze tofauti kidogo kidogo hadi afike kwenye yale madoa ya kubishaniwa. Mwanafunzi akianzishiwa kwenye magumu, atabahatisha, na kubahatisha nako hugeuka tabia.

Sasa msaada. Kuna kumshika mkono, kumwonyesha kwa kufanya, kumwashiria kwa kidole, na kumwambia kwa maneno. Wakufunzi wengi hukimbilia maneno kwa sababu yanaonekana mepesi kuliko yote. Ni kosa. Maneno ndiyo magumu kuyaondoa. Ukisema "haya, inayofuata?" kila baada ya hatua ya nane, baada ya wiki mbili sauti yako imekuwa sehemu ya hatua ya tisa. Kijana anamaliza kuoanisha pembe, anainua uso, anakusubiri. Yeye amefuata mafunzo vizuri kabisa. Wewe ndiye uliyejiingiza ndani ya kazi. Mguso mwepesi wa kiwiko au kidole kinachoelekea kwenye pembe huondolewa kwa urahisi zaidi, kwani unaweza kukipunguza hadi kisionekane.

Kabla ya msaada wowote, hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kwa wengine hadi kumi. Sekunde tano kazini ni ndefu mno kwa mkufunzi mwenye huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoharibu. Sifa nazo zina mahali pake. "Hongera!" baada ya kila hatua hukata mtiririko, na hakuna mfanyakazi mwenzake atakayeendelea kuisema. Isubiri mwisho wa rundo.

Pale ambapo mwanzo wa kazi unamchanganya, geuza mkondo: mkufunzi afanye hatua 13, mwanafunzi amalizie ya 14. Akiimudu, aanzie ya 13, na kuendelea hivyo kurudi nyuma. Kila jaribio linaishia kwenye kazi iliyokamilika mikononi mwake.

Kumbukumbu iwe jedwali la ukurasa mmoja: hatua upande wa kushoto, tarehe juu, alama ya vema pale alipofanya peke yake, na herufi ya aina ya msaada pale aliposaidiwa. Asilimia peke yake hudanganya. Hatua 13 kati ya 14 ni asilimia 93, na mwalimu atashangilia, ilhali hatua iliyokosekana ni ile ya doa, na taulo chafu zimeshafika vyumbani. Soma safu kwa safu. Hatua moja ikidai msaada siku tano mfululizo, acha kuirudia. Igawanye mara mbili au badilisha kifaa.

Kasi ije baada ya usahihi. Mpime mfanyakazi mzoefu kwanza. Tuseme anakunja 60 kwa saa na mwanafunzi wako anakunja 36. Yuko kwenye asilimia 60. Usimhimize "fanya haraka". Shika saa uone muda unapotelea wapi. Mara nyingi mikono haina tatizo. Muda unaliwa kati ya taulo na taulo, kikapu kikiwa mbali au kijana akimgeukia kila anayepita. Sogeza kikapu, mgeuze auelekeze mgongo mlangoni, upime tena.

Yanayowafukuzisha kazi mara nyingi hayamo kwenye zile hatua 14. Ni taulo kwisha kikapuni na kijana kusimama nusu saa bila kumwambia mtu. Ni mapumziko: dakika 30 zisizo na utaratibu, kelele, mizaha isiyoeleweka. Ni basi lisilofika. Haya nayo ni kazi ya kufundishwa kwa hatua vilevile. Mwondolee vikapu kwa makusudi, umfundishe aende kwa nani na aseme nini, au aonyeshe kadi gani kama hasemi. Kwa kiziwi, taa ya tahadhari kwenye mashine na mtu mmoja kazini anayejua ishara za msingi. Kwa asiyeona, alama za kupapasa kwenye vitufe na njia aliyoizunguka kabla zamu haijaanza. Mambo madogo, na husahaulika.

Mradi unaoitwa Project SEARCH, ulioanzia hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, mwaka 1996, uliuhamishia mwaka wa mwisho wa shule ndani ya mahali pa kazi, wanafunzi wakizunguka idara tofauti. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 inazungumzia kazi katika soko la ajira lililo wazi na ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kwa hiyo "mafunzo" yanayodumu miaka bila mshahara wala tarehe ya mwisho yana jina lingine, na mwajiri anayeyapenda sana atazamwe kwa jicho la pili.

Tarehe ya mkufunzi kuondoka iandikwe siku ya kwanza. Aanze ubavuni, arudi nyuma hatua mbili, avuke chumba, atoke nje ya mlango, kisha aje siku zisizotarajiwa. Kabla hajatoka, mfanyakazi mmoja wa palepale aonyeshwe lile jedwali na ile ishara ya kidole. Dakika kumi zinatosha. Na siku meza inapobadilishwa au msimamizi mpya anapoingia, mkufunzi arudi asubuhi hiyohiyo, aanze na hatua zilizobadilika tu.