Mtembea kwa miguu hahitaji mawaidha

Tumezoea kuwaona viongozi asubuhi ya Jumamosi, fulana mpya na raba nyeupe, king'ora mbele, barabara imefungwa, wakituhimiza tutembee kwa ajili ya afya. Sina ugomvi na mazoezi. Lakini mama anayezunguka Mbagala na beseni la samaki kichwani, au kijana anayesukuma baiskeli ya mkaa kutoka Pugu, ahimizwe nini? Zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima, wao wanazimaliza mapema tu. Wanachokosa ni pa kupita.

Dar es Salaam, pembezoni mwa barabara kuna wenyewe: meza ya chipsi, gari lililoegeshwa, bodaboda anayekwepa foleni, mtaro usio na mfuniko. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekewa njia za miguu na za baiskeli. Hatua nzuri, nasema bila kinyongo. Ila pita pale jioni uone pikipiki zinavyojimwaga humo, na asiulizwe mtu.

Duniani ajali za barabarani huua zaidi ya watu milioni 1.1 kwa mwaka, na zaidi ya robo yao walikuwa kwa miguu au juu ya baiskeli. Kwetu, mtu akigongwa, swali la kwanza ni kwa nini alivuka pale. Mwendo wa gari hauulizwi. Na gari la kilomita 60 kwa saa halina nguvu maradufu ya lile la 30. Linayo mara nne. Ndiyo maana namheshimu anayejenga tuta kuliko anayetoa semina. Hapahapa jijini, shirika la Amend lilizishughulikia barabara zinazopita kwenye shule za msingi kwa vitu vya kawaida kabisa: njia za miguu, matuta, vivuko, hata kuhamisha geti la shule likae mbali na magari. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, na haikuhitaji daraja la juu hata moja.

Kuhusu tabianchi, wengi hudhani suala ni kumshusha tajiri kwenye gari lake. Mimi namwazia zaidi huyu anayetembea leo. Akichoka kurushiwa matope na kuponea chupuchupu, atakopa pikipiki, na hakuna wa kumlaumu. Moshi huo bado haujatoka, na kuuzuia ni rahisi kuliko kuja kuupunguza.

Basi kabla mchoro wa barabara yoyote haujapitishwa, mhandisi aoneshe mtoto wa darasa la pili atavukia wapi na baiskeli ya muuza mikate itapita wapi. Akishindwa, arudishiwe mchoro wake. Na miti ipandwe, jamani. Jua la Dar la saa saba halina utani.