Njugu Alale Ndani Ama Nje, Mimi Nimechoka

Mimi sikutaka paka. Hiyo muandike mahali kabla hatujaenda mbali. Nilitaka panya waishe, basi. Shemeji alikuwa ametuletea gunia la mahindi kutoka Kitale, tukaliegemeza nyuma ya kochi juu nyumba zetu hapa Section 58, Nakuru, hazina stoo, na wiki haijaisha tukaanza kusikia usiku kitu kinatafuna krach krach kama mtu amelipia. Bibi akasema tununue dawa kwa yule jamaa wa spika, yule wa "panya, mende, kunguni, viroboto" anayepita na sauti ya kurekodi mpaka watoto wa ploti wameikariri. Msichana wangu akalia. Ati panya akila sumu halafu paka wa jirani amle huyo panya, paka naye anaenda. Ni ukweli, siwezi bishana, lakini nauliza hivi, paka wa jirani alianza kuwa wangu lini?

Ndio nikaletewa paka wangu mwenyewe, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, wiki nane, rangi ya njugu iliyokaangwa ikaungua kidogo upande mmoja. Tukamuita Njugu. Hilo jina likumbukeni.

Akiwa mdogo hakukuwa na shida, analala kwa kiatu changu na maisha inaendelea. Sasa amekuwa mkubwa na anakaa dirishani akiangalia parking kama mzee amestaafu, na hapo ndio nyumba imegawanyika. Bibi anasema paka ni mnyama wa nje. Kwao walikuwa na paka sita wanalala juu ya magunia, hakuna mtu aliwahi kujua wanajisaidia wapi na hakuna mtu aliwahi kuuliza. Msichana naye ako gredi ya saba, na hawa watoto siku hizi wanakuja nyumbani na maneno, anasema akiachiliwa atamaliza ndege. Ndege gani? Ati sisi Nakuru ni mji wa ndege. Nikamwambia flamingo akisimama anamfika huyu paka mara tatu, na pia wengi walishahamia Lake Bogoria maji ya Lake Nakuru ilipopanda. Akaniambia kuna shomoro, baba. Nikanyamaza. Shomoro sikuwa nimefikiria.

Mimi sina kambi. Mimi niko na mchanga tu.

Juu hakuna mtu huwaambia hii maneno ya paka wa ndani. Paka wa ndani anaenda choo ndani. Beseni iko chini ya sinki, mchanga naomba pale wanajenga nyuma ya kanisa, na mara ya kwanza fundi alinipea bure, mara ya pili akaniuliza kwani najenga nini polepole hivyo, mara ya tatu akaniambia debe ni hamsini. Nikajaribu vumbi ya mbao kutoka kwa fundi wa vitanda, ni nyepesi, haina harufu, nikajiona mjanja sana. Njugu akimaliza anapiga mateke kama ng'ombe anayekataa kukamwa, na hiyo vumbi inapaa inatua kila mahali. Sasa mnajua Nakuru ina vumbi yake ya kutosha, ya bure, kwa upepo, na mimi niko hapa naongeza yangu ya kununua. Siku moja nilipata kipande cha mbao kwa chai. Nilikunywa. Ningefanya nini.

Kwa hivyo nikaamua, bibi ashinde, paka atoke. Lakini msichana akaweka sharti kwanza aonwe na daktari. Daktari wetu ni jamaa wa agroveti anayejua ng'ombe, ukimfikia na paka ndani ya kiondo anakuangalia kama umeleta kitu cha kuchezea. Akamdunga ya kichaa cha mbwa, juu kumbe paka pia hushika na akikuuma anakupea, na huo ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna kurudi. Hiyo nikalipa bila kunung'unika. Halafu akainua mkia akaangalia, akaniambia, "Mzee, huyu ni msichana, na kutoka miezi minne anaweza kushika mimba." Siku sitini na tatu hivi, nikiamka niko na paka watano. Akaongeza bila mtu kumuuliza, ati hao watoto wa mimba moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Kila mtu na babake! Nikamfunika Njugu masikio. Dawa ni kumtoa kizazi, na bei aliyotaja ni ya mtu anayezungumza akijua huna pa kwenda. Nikamwambia nitarudi. Tunajua hiyo nitarudi.

(Na bado mshukuru mko huku. Nairobi kulikuwa na mswada wa kaunti unataka mwenye paka alipie leseni, shilingi 200 kwa mwaka. Mimi wangekuja kuchukua mlangoni wangekuta nimesema huyu ni wa jirani.)

Wiki ya kwanza ya nje nilimuachia dirisha wazi upana wa kiganja, grili iko, mwizi hapiti, paka anapita. Unajua nani alipita? Si Njugu. Njugu alilala kwa kochi. Aliingia dume moja jeusi, kichwa kama sufuria, sikio moja limeraruka, ile wapwani huita shume, akala samaki wawili tulikuwa tumefunikia sahani, akakojolea kochi upande wangu, akatoka. Njugu anamuangalia tu kama mgeni wa heshima. Nikafunga dirisha.

Wiki ya pili tukajaribu mlango, mchana, nikiwa hapo. Akatoka vizuri, akanusa gari ya mwenye ploti, akafika kwa banda ya Mama Chebet ya kuku. Mama Chebet akatoka na mwiko. "Baba Kevo, hako ka paka kako nitakalipisha kifaranga mia tatu!" Nikamwambia mama tulia, hajagusa mtu. Na hakugusa kweli, juu yule kuku mwenye vifaranga alitanua mabawa mara moja hivi na Njugu akaruka akapita katikati ya miguu yangu akaenda chini ya kitanda, akakaa huko mpaka taarifa ya saa moja. Huyo ndiye atamaliza ndege wa Nakuru.

Lakini alikuwa ameonja nje, na paka akishaonja nje wewe huna usingizi. Saa tisa usiku anakwaruza mlango. Unafungua, baridi ya mlima Menengai inaingia yote, yeye anakaa hapo kwa kizingiti, nusu ndani nusu nje, analamba mguu. Unamwambia chagua. Anabadilisha mguu. Unafunga, anaanza tena. Na usiku mmoja alitoka kweli akarudi na panya, mzima, anapumua, akamwachilia kwa sitting room akaenda kulala. Yaani mimi nimeleta paka aondoe panya, paka anaenda nje kuniongezea wengine.

Juzi ndio niliaibika. Alitoka saa tatu usiku, saa saba hajarudi, msichana analia, bibi anasema "si ulitaka atoke," kama mimi ndio nilisema. Nikajifunga leso, nikachukua tochi ya simu na sahani ya omena, nikashuka. Nilianza kwa sauti ya chini. Hakuna kitu. Nikaongeza. Ploti imenyamaza, mimi natembea kati ya magari nikitingisha sahani, "Njuguu! Njugu! Njuguuu!"

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Sauti ya mwanaume, ya usingizi kabisa: "Za mbao moja, bila chumvi."

Njugu alikuwa juu ya tangi la maji ananiangalia. Nikampandia, nikakwaruzwa mkono, nikarudi naye.

Nilifikiri imeisha. Leo saa kumi na mbili jioni naskia mlango unagongwa, ni mtoto wa nyumba namba tisa, amekunja shilingi ishirini kwa kiganja mpaka imepata joto. Ametumwa na babake. Ati akasema ni hapa, na ati za usiku zilikuwa hazijafika. Nikatafuta pa kuanzia kumueleza, panya, mahindi, Kitale, beseni, nikaona huyu mtoto ni wa nasari na kuelezea ni kazi kuliko njugu zenyewe. Nikachukua hiyo mbao, nikamwambia ningoje hapo, nikakimbia kwa mama wa karanga pale kona nikarudi na karatasi yake moto moto, bila chumvi.

Nikampea. Akashukuru, akaenda.

Mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Bibi ako jikoni, msichana anafanya homwaki, na kwa kochi hakuna mtu.

Sasa nambieni naita aje.