Mkono wangu bado uko mtoni

Kolekole, samaki wa baharini, alitokea upande wa jua, maji yakiwa yananifika magotini, akaja moja kwa moja kwa inzi wangu bandia, ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na chakula chake, kama aliyeitwa kwa jina. Nilimwona akigeuza kichwa. Nilimwona akifungua kinywa. Nikainua fimbo. Inzi akachomoka majini, akaniangukia begani, na kolekole akabaki palepale akizungukazunguka, akishangaa riziki yake imekwenda wapi. Rafiki yangu aliyekuwa nyuma yangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Bwana we, hiyo ni ya mtoni."

Kweli ilikuwa ya mtoni. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa mtoni, na wiki moja baadaye nikarudi mtoni tena. Safari hizo tatu zimenifanya nikatae jambo ambalo wavuvi wengi wa inzi bandia hulisema kana kwamba halina ubishi: kwamba mto ni shule ya msingi na bahari ni chuo kikuu. Anza na trauti wadogo, samaki wa mito ya maji ya baridi, wanasema, ukishahitimu utakwenda kukabili samaki wakubwa wa maji ya chumvi. Mimi naona hizi ni kazi mbili zinazoazimana fimbo, na kila moja huuharibu mkono unaohitajika kwa nyingine.

Tuanze na mto. Nilifika jua likiwa limeshuka, nikakaa juu ya jiwe dakika 20 nzima bila kurusha chochote. Asiyeijua kazi hii angedhani nimechoka. Nilikuwa nawangoja wale wadudu ambao wataalamu huwaita Ephemeroptera, wenye mabawa yaliyosimama wima mgongoni kama tanga la mashua. Mdudu huyu huishi chini ya maji kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, halafu siku moja hupanda juu, hujivua ngozi, huruka, hutaga na kufa. Akishapata mabawa, kinywa chake hakifanyi kazi tena, na umri uliobaki ni wa saa chache au siku moja mbili. Trauti hawahitaji kuambiwa. Duara la kwanza lilipotokea juu ya maji, chini ya mti ulioinama, nilijua meza imetandikwa.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, chakula kimfuate. Kwa hiyo unamwendea kwa nyuma, unarusha inzi mbele yake, kisha unaomba mkondo usiuvute mshipi. Hapo ndipo penye kazi yote. Mkondo wa katikati ukiwa na kasi kuliko ule wa kando, mshipi hujikunja na kumburuta inzi, naye huacha mfereji mdogo nyuma yake kama kimashua. Hakuna mdudu wa kweli anayetembea hivyo, na trauti anaujua mfereji huo kuliko wewe. Mara tatu nilimwona akipanda, akamkagua inzi wangu karibu kabisa na pua yake, akashuka. Mara ya nne niliutupa mshipi wa katikati juu zaidi kule maji yanakotoka ili upate nafasi ya kulegea, na inzi akaelea bila kuburutwa. Kinywa kikafunguka, kikafumba. Nikainua fimbo polepole, kiasi cha kuondoa ulegevu tu, na ndoano ikashika.

Alikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Nililowesha mikono kwanza ili nisimtoe ute unaomkinga, nikamfungua angali majini, akaenda zake. Ndoano yangu haina kijino, kwa hiyo kumfungua ni kugeuza kidole tu. Halafu nilipima joto la maji, jambo ambalo ningependa wengi zaidi walifanye. Maji yakipita nyuzi 20 hivi mimi hufunga virago, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na trauti aliyechoka anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako kisha akafa baada ya kona moja. Hiyo picha yenye tabasamu itakuwa picha ya marehemu.

Sasa bahari. Fimbo ya namba 5, ile nyepesi ya mtoni, ilibaki nyumbani, nikabeba namba 8 iliyo nzito na yenye nguvu zaidi. Tofauti si ukubwa wa samaki peke yake. Ni upepo, na uzito wa inzi unayetakiwa kumfikisha mita 18 kabla samaki hajapita. Mtoni una dakika nzima ya kujipanga. Baharini una sekunde chache. Mkono wa kushoto unapaswa kuuvuta mshipi mara mbili, fimbo inapokwenda nyuma na inapokuja mbele, ili mshipi upate kasi ya kukata upepo. Nilijifunza kwa kujichoma ndoano kwenye kofia, na nashukuru haikuwa sikio.

Inzi niliyemfunga ni wa Bob Clouser, yule mwenye macho mawili mazito ya risasi yanayomfanya azame kwa kichwa na ncha ya ndoano itazame juu. Ninamtaja kwa sababu wale wanaopanga madaraja ya mto na bahari husahau kwamba Clouser alimtengeneza kwa ajili ya samaki aitwaye besi, wa mtoni, kwenye mto Susquehanna huko Marekani, miaka ya 1980. Ni inzi wa maji baridi aliyehamia baharini, na leo nadra kufungua kisanduku cha mvuvi wa maji ya chumvi usimkute. Hakuhitaji cheti.

Bamvua lilikuwa limepwa na maji yameanza kurudi, wakati ambapo samaki hupanda nayo juu ya mchanga kutafuta kaa na dagaa. Huwaoni samaki wenyewe. Unaona kivuli kinachotembea, au maji yanayotetemeka pasipo na upepo. Bila miwani ya polaroidi unaona mng'ao tu. Rafiki yangu ana macho makali, kwa hiyo tulikubaliana aniongoze kwa saa, mbele yangu ikiwa juu kabisa ya saa ya ukutani. Akapiga kelele, "Saa kumi!" Nikageukia kushoto mbele, penye namba 10. Hakuna kitu. "Saa kumi, bwana!" Kumbe yeye alimaanisha saa kumi yetu, ambapo mshale mfupi uko kwenye 4, yaani kulia nyuma. Anayezungumza Kiswahili akitumia mbinu hii bila kuulizana kwanza atapeleka inzi upande ulio kinyume kabisa na samaki, kila mara, bila kukosea hata digrii moja. Tulicheka hadi kivuli kikapotea.

Kolekole wa begani alikuja baada ya hapo. Kosa lilikuwa hili: baharini hutakiwi kuinua fimbo samaki anapouma. Unaiacha imemwelekea, unavuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mvuto mrefu na mzito, mpaka uhisi uzito wake, ndipo uinue. Ndoano ni nene na taya ni ngumu. Ncha ya fimbo inayopinda haina nguvu ya kuisukuma ndani. Tena samaki wa baharini humfukuza inzi kwa nyuma. Ukivuta akakosa, inzi amesogea hatua moja tu mbele ya pua yake na anaweza kumrudia. Ukiinua, umemnyang'anya.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma, na asubuhi ile nilikuwa nimeyasema kwa sauti mara kadhaa tukiwa njiani. Lakini samaki anapofungua kinywa mkono hauulizi kichwa. Unafanya ulichozoea, na mkono wangu una miaka ya mto ndani yake. Nilimpoteza wa pili vilevile. Wa tatu nilivuta, akashika, akakimbia mpaka rili ikalia na vidole vikapata mchubuko wa mshipi, na kwa dakika zile nilijiona nimehitimu kweli.

Wiki iliyofuata nikarudi chini ya ule mti ulioinama. Jioni ileile, duara lilelile, na safari hii aliyekuwa akila alikuwa mkubwa; niliona pua yake ikitoka, pana kama vidole vitatu. Mshipi ulilala vizuri mara ya kwanza. Akapanda taratibu, akamfumbia inzi kinywa, na mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umesifiwa baharini siku chache tu zilizopita, ukavuta kwa nguvu zake zote. Nailoni ya mbele kule mtoni ni nyembamba kuliko unywele wa farasi. Haikutoa hata sauti.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, simwambii aanze na mto akusanye miaka. Kama moyo wake uko baharini, aende baharini, akosee huko, mkono uzoee kuvuta tangu siku ya kwanza. Nimewaona waliofanya hivyo wakiwapita kwa mbali watu wa trauti wenye uzoefu wa miaka mingi, kwa sababu hawana cha kusahau. Na kama moyo wake uko mtoni, asikubali kuambiwa kwamba yuko darasa la watoto. Hakuna kolekole aliyewahi kunikagua kama yule trauti wa jioni ya kwanza.

Mimi nimeshachelewa, napenda kote kuwili. Jana nimechukua kalamu ya wino usiofutika, nikaandika juu ya mpini wa fimbo ya namba 8, mahali ambapo jicho haliwezi kukwepa: VUTA. Kisha nikaichukua ile ya namba 5 na kukaa nayo kitambo, kalamu ikiwa wazi. Nilitaka kuandika INUA, lakini nikikumbuka ile pua, naona neno lenyewe ni TULIA. Wino umekaukia kwenye ncha kabla sijaamua.