Sasa Nimefeli Kuwa Ndege

Jameni, mtu analipa karo, ananunua suruali nyeusi ya mazoezi kule Toi, anadamka gizani na kupanda matatu mbili kutoka Rongai na jamu ya Lang'ata yote anaimeza, halafu anarudishiwa karatasi imeandikwa 11 kwa 30. Na chini yake kwa wino mwekundu: "Sijaona ndege. Nimeona mtu anayedaiwa."

Hayo ndiyo matokeo yangu ya leo ya zoezi la kuigiza ndege. Madam amesomea Ulaya, anavaa shali hata jua likiwaka, na ndiye ameamua kusoma salio langu la M-Pesa kupitia mabega.

Kwa wale hamjui, huku kwa sanaa za maonyesho hauanzi na kuigiza mtu. Mtu ni mambo ya mbele. Unaanza na mnyama. Kuna Mfaransa mmoja anaitwa Jacques Lecoq, alianza maisha kama mwalimu wa michezo, akafungua shule yake Paris 1956, na tangu hapo wanafunzi wa dunia nzima wanatambaa sakafuni wakipumua kama mamba na wazazi wanalipa. Tukaambiwa kila mtu achague mnyama wake, aende amtazame, arudi naye mwilini. Watoto wa Lavington wakachukua simba na chui, si wana gari ya kuingia nayo parki na pesa ya kiingilio. Mimi nikachukua ndege, marabu wa Nyayo. Marabu hana kiingilio.

Mnawajua. Wale wazee wenye kipara na mfuko wa nyama shingoni, wanakaa juu ya migunga pale raundabauti wakiangalia Mombasa Road na dharau zote. Nikaenda Jumamosi jioni na daftari. Na nilisoma kweli, msinione hivi. Kwa mfano ile miguu yao si myeupe. Ni ya kijivu cha kuelekea weusi, ile rangi nyeupe ni kinyesi chao wenyewe, wanajinyea miguuni makusudi ili joto lipungue. Nikaandika hiyo kwa daftari nikipiga mstari. Kando yangu kulikuwa na mama wa mahindi ya kuchoma amefungua mwavuli mkubwa na jua lilikuwa limeshapoa, mimi nikasimama hapo nje ya mwavuli nikifikiria tu huyu mama anapenda kivuli. Bega la kushoto lilijibiwa hilo swali baada ya muda mfupi.

Basi nikajipanguza, nikaanza kujaribu mwili. Shingo ndani, mikono nyuma, mguu mmoja juu kidogo. Ndio nikasikia, "Kijana, unafanya nini hapo?"

Nikageuka. Mwanaume wa koti la njano lile la kumetameta usiku, redio mkononi. Ofisi gani sijui hadi leo, koti halikuwa na jina na redio haikulia hata mara moja.

"Nasoma, mkubwa."

"Kitabu iko wapi?"

"Nasoma hao ndege."

Akaangalia juu, akaniangalia mimi, akaangalia juu tena. "Unawasoma ndio nini?"

Hapo nikavaa heshima yangu yote. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, niko katika zoezi la kitaaluma la kuhamisha tabia ya kiumbe kwenda kwa mwili wa mwigizaji. Nilisema na diaframu, vile tumefunzwa. Watu wa boda wakazima pikipiki wasikie.

Akasema, "Onyesha."

Sasa wewe ungefanya nini? Nikaonyesha. Nikatembea hatua kama tano hivi kando ya jiko la mahindi, nikasimama, nikageuza kichwa polepole. Kimya. Halafu mama wa mahindi bila hata kuacha kupepea makaa akasema, "Huyo ni mtu amemeza mfupa."

Na hapo ndio nikapoteza usukani wa maisha yangu, kwa sababu kila mtu Nairobi kumbe ni dairekta. Mmoja wa boda anasema shingo iingie zaidi. Mwingine anasema hapana, shida ni mabega, marabu ako na mabega ya koti la kukodi. Kijana wa njugu anataka mdomo. Mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki, yule wa kutoka ofisi ya ardhi bila kuhudumiwa, alisimama akasikiliza hiyo yote halafu akasema kwa upole, "Kijana wangu, tatizo ni macho. Marabu haangalii watu. Anaangalia takataka. Wewe unatuangalia sisi uone kama tunakupenda."

Yaani hilo ndilo jambo madam amekuwa akijaribu kutuambia tangu muhula uanze na maneno ya Kifaransa. Mzee akaenda zake na bahasha.

Kabla sijapumua, koti la njano likampa mama wa mahindi redio amshikie. Akavuta shingo. Mikono ikaenda nyuma, koti likafunguka kidogo pande zote mbili likawa mabawa. Akachukua hatua moja ndefu, goti linatangulia halafu mguu unafuata baadaye kama wazo la pili, akasimama akakodolea ganda la ndizi barabarani. Hakulichukua. Alilitafakari. Wee! Mimi mwenyewe nilirudi nyuma. Watu wakapiga makofi, dada mmoja akamtolea 50 na akaipokea na vidole viwili, bado akiwa ndege.

Halafu akarudi kuwa mtu, akachukua redio yake, akaniuliza, "Uko na kibali cha kukusanya watu hapa?"

Nikamwambia mkubwa, hawa wamekusanyikia wewe. Akasema mimi ndio chanzo. Nikasema chanzo ni Mfaransa. Akasema tusitupiane lawama, ni jioni, kila mtu anataka kufika nyumbani, tuelewane. Tukaelewana. Tulielewana 200, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ndio ilielewa kwa niaba yangu, kisha mama wa mahindi naye akasema nimemfukuzia wateja kwa hiyo ninunue hata moja. Nikanunua. Lilikuwa gumu.

Sasa niambieni. Huyo jamaa hajalipa karo popote, hajui Lecoq, na angesimama mbele ya madam leo angepata 30 kwa 30 na bega la kupigwapigwa. Na mimi nimetoa 200, 50 ya mahindi, shati la kufua, nimepata 11. Na wananiambia nimeonekana nadaiwa. Ni kweli nadaiwa! Ningeonekana nini, nimelipa?

Tena wasianze na huyo Stanislavski wao, yule Mrusi wa kufundisha uigizaji. Kila asubuhi ni Stanislavski, jiulize ungefanya nini kama ungekuwa katika hali ya huyu mtu. Mnajua yule mzee familia yao walikuwa na kiwanda cha nyuzi za dhahabu na fedha Moscow? Dhahabu! Mtu kama huyo lazima aseme "kama". Kama ningekuwa maskini, kama ningefukuzwa nyumba. Mimi "kama" sina, mimi niko ndani ya hali yenyewe, landilodi ako na ufunguo wa ziada, na huwezi ukafanya mazoezi ya sauti kwa chumba kimoja, nikianza tu "wale watu wa Liwali" jirani anagonga ukuta na mwiko. Nikienda kufanyia pale nje ya National Theatre, ile miti yote imeshachukuliwa na vikundi vya setbuku, wale wa kuigizia wanafunzi vitabu vya shule, na hao ukiwauliza nafasi wanakupa ya askari wa pili, hakuna neno la kusema, malipo ni chakula cha mchana na shule yenyewe iko Kitui.

Baleti sitaongea. Kuna suruali ya kubana inahusika na mimi nina nyanya kijijini.

Na juu ya hiyo yote, shangazi amepiga simu saa hii nikiandika. Kuna ruracio, sherehe ya mahari, Kiambu wikendi, niende niwe emsii, bure, si ni familia, na kwani mimi husomea nini? Nikamwambia sawa shangazi, maiki na spika vitatoka wapi? Akacheka kabisa. "Maiki ya nini na unalipiwa sauti?" Sasa amesema pia nivae suti nyeusi, isiwe ya kung'aa, wakwe ni watu wa kanisa. Kuna mtu hapa pande za Rongai ako na suti saizi 40? Mimi nitarudisha Jumatatu, Jumanne ikizidi.